Kadi ya CHF Iliyoboreshwa Baada ya Mwaka Mmoja: Bei Moja, Mizigo Tofauti

Julai mwaka jana nililipia kaya ya mama yangu, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambayo wengi wetu tunaiita CHF tu. Kadi imemaliza miezi yake 12 na nimeilipia tena, kwa hiyo naona ni vyema wanaofikiria kujiunga wajue imetufaa wapi na imetuacha wapi.

Uandikishaji ulikuwa mwepesi. Afisa mwandikishaji alifika nyumbani na simu yake, akampiga picha kila mwanakaya, akaingiza majina, akapokea shilingi 30,000 na kutoa namba ya uanachama. Kiasi hicho kinatosha kaya ya watu wasiozidi 6, yaani mkuu wa kaya, mwenza wake na wategemezi. Kwetu waliandikwa mama na wajukuu 5 anaowalea.

Faida yake kubwa niliiona mwezi Novemba, mjukuu wa darasa la nne alipoanguka na kuvunjika mkono. Zahanati ya kijiji ilimfunga kwa muda na kuandika barua ya rufaa. Hospitali ya wilaya ikampiga picha ya eksirei na kumfunga plasta, na mama hakutoa fedha nyingine zaidi ya nauli. Novemba ndio mwezi ambao ghala la Mgogo linakaribia kuwa tupu, kwa sababu mvua za huku ni za msimu mmoja na uwele wa msimu uliopita unakuwa umeliwa. Bila kadi ile, mama angeuza mbuzi kwa bei ya kutupa, na najua hivyo kwa sababu miaka ya nyuma aliwahi kufanya hivyo. Bima hii inaziba hasa mlango huo ambao familia yenye kidogo hupitia ikaishia kukosa kabisa, na kwa hilo naisifu bila kusita.

Upungufu upo kwenye dawa. Mama anatumia dawa za shinikizo la damu kila siku, na mara mbili katika mwaka huo aliambiwa zimekwisha, akaelekezwa duka la dawa. Kituo sikitaji, kwani tatizo hili si lake peke yake. Mkoa wetu ndio uliotangulia kulitafutia dawa: mwaka 2014 Dodoma ilianzisha mfumo wa mshitiri, unaojulikana kama Jazia, ambapo kituo kikikosa bidhaa kutoka Bohari ya Dawa ya serikali, kituo chenyewe huinunua kwa muuzaji mmoja aliyeteuliwa kwa mkoa mzima, na kufikia 2018 mfumo huo ulikuwa umeenezwa nchi nzima. Hata hivyo mshitiri hulipwa kutokana na fedha za kituo chenyewe, ikiwemo michango ya CHF. Palipo na wanachama wachache, kapu la fedha ni dogo na dawa hupungua. Dawa zikipungua, wanachama hawaoni sababu ya kulipia tena, na mzunguko huo huumiza zaidi vijiji vilivyo maskini zaidi. Mwanachama ajue pia kwamba kadi inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ugonjwa ukihitaji ngazi ya kanda, mgonjwa analipa kutoka mfukoni mwake.

Jambo linaloniuma zaidi ni bei. Shilingi 30,000 ni ileile kwa mwenye trekta na mashamba ya zabibu na kwa mjane anayelima ekari moja ya mtama. Kwa wa kwanza ni fedha ya matumizi ya siku. Kwa wa pili ni debe kadhaa za chakula, tena zinatakiwa zote kwa mkupuo. Mchango wa aina hii unaitwa sawa kwa sababu tarakimu ni moja, lakini uzito wake unamwangukia mnyonge.

Ushahidi kwamba maskini hawaidharau bima uko hapahapa Chamwino. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ilipoanza mwaka 2010 kujaribu ruzuku kwa kaya maskini katika wilaya za Chamwino, Bagamoyo na Kibaha, tathmini ilionesha kwamba kaya zilizopata ruzuku zilijiunga na CHF kwa wingi kuliko zile ambazo hazikupata. Walipopata fedha mkononi, walinunua kinga. Hivyo anayesema kwamba wanakijiji hawajiungi kwa kukosa elimu aangalie kwanza kalenda ya mavuno na kilichomo ndani ya ghala.

Bunge lilipitisha hapa Dodoma, Novemba 2023, sheria ya bima ya afya kwa wote, inayoweka msingi wa kuwagharamia wasio na uwezo. Ningependa utekelezaji wake uende mbele kwa mambo mawili: mchango upangwe kwa kuangalia uwezo wa kaya, na malipo yagawanywe ili yafuate misimu ya wakulima na wafugaji.

Kwa sasa, kikundi cha hisa cha mama kimeanza kujifanyia hilo la pili. Kila mwanachama anaweka shilingi 2,500 kwa mwezi katika mfuko wa pembeni, na ifikapo Julai afisa mwandikishaji ataitwa siku moja kuandikisha kaya zote. Mama ameniomba mwakani nisimlipie tena. Anataka zile 30,000 nimlipie jirani yake, ambaye bado hana hata hizo 2,500.