PowerToys au Tesseract: kutoa maandishi kwenye skrinishoti

Karani wa Kibaigwa aliyerushiwa bei za mahindi kama picha ya WhatsApp, na mwenzake wa Mtumba mwenye skrinishoti 60 za muhtasari wa vikao, hawahitaji chombo kilekile.

Kwa wa kwanza, Text Extractor ya PowerToys (zana za bure za Microsoft kwa Windows) inatosha. Bonyeza Windows+Shift+T, zungushia eneo kwa kipanya, kisha Ctrl+V kwenye Word. Basi. Haili bando. Udhaifu wake ni majedwali: safu huweza kuchanganyika, bei ya gunia ikaangukia kwenye debe.

Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, nayo ni ya bure, ila huandikiwa amri:

tesseract bei.png bei -l swa+eng --psm 6

Maandishi huingia kwenye bei.txt; -l ni lugha, na --psm 6 huiambia iichukulie picha kama bloku moja ya maandishi. Faili la lugha, swa, lipakuliwe mapema, la sivyo itaonya kuwa imeikosa na kusoma kwa Kiingereza (eng) tu. Kinachoiangusha zaidi ni picha ndogo: hupenda dpi (nukta kwa inchi) 300 hivi, ilhali skrinishoti za Windows kwa kawaida ni 96, kwa hiyo ikuze mara tatu kwanza. Maandishi meupe juu ya weusi yanaisumbua tangu toleo la 4, geuza rangi. Ukishaweka sawa hayo, kitanzi kimoja cha amri (amri inayojirudia yenyewe) kinapitia picha zote 60 huku unakunywa chai, kazi ambayo kwa PowerToys ni kuzungushia mara 60.

Zote mbili huweza kusoma 0 kama O na 1 kama l. Kwenye safu ya bei, jumlisha upya ulinganishe na jumla iliyo kwenye picha.