Wakala wa bima pale Mkanaledi: kwa sisi wenye gari moja wanafaa, ila ukienda kufuata bei ya chini utachukia

Wadau wa magari ya mizigo Mtwara na Lindi, kuna mtu aliuliza bima akate wapi na mi nikasema ntaandika, basi hii hapa. Ofisi yenyewe ndogo tu, ipo maeneo ya stendi Mkanaledi, dada mmoja na kijana mmoja, feni inapiga kelele. Mi nina Fuso yangu moja nabebesha korosho msimu ukifunguka mwezi wa kumi, kutoka maghala ya AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, huko Tandahimba na Newala kushuka mjini, korosho zikiisha natafuta saruji au mzigo wowote wa Dar.

Kilichonifanya nibaki kwao ni maswali. Ofisi nyingi ukiingia unaulizwa namba ya gari tu, dakika tano umepewa stika kwaheri. Huyu dada anataka kujua unabeba nini, mzigo wa nani, unafika wapi, dereva ana leseni ya daraja gani. Niliona ananichelewesha lakini hapo ndo nikaelewa kumbe hata bima kubwa, ile comprehensive, inalipa gari, mzigo hailipi, korosho za watu zikilowa au zikimwagika ni juu yako mpaka uwe na bima ya mzigo ya safari pembeni. Na anayevuka Mtambaswala kwenda Msumbiji asitegemee bima ya kawaida, hiyo inaishia mpakani.

Kingine ni thamani ya gari. Tuna tabia ya kushusha ili tulipe kidogo, dada akanipigia hesabu kwenye karatasi: gari ya milioni 60 umeandikisha milioni 40, ukipata ajali ya matengenezo ya milioni 9 hawakupi 9, wanakupa kwa uwiano uleule, yani 6, halafu bado wanatoa kile unachochangia mwenyewe, wenyewe wanaita ekisesi. Hapo umeokoa laki ngapi kwenye kulipia bima na umepoteza ngapi? Hakuna wakala mwingine aliyewahi kunipigia hesabu hii, wengi wanakuandikia kiasi unachotaka wewe maana wao kamisheni yao wanapata vilevile.

Bei sasa. Sio rahisi, nasema ukweli. Ila wanakutajia ikiwa na VAT ndani. Kuna sehemu utaambiwa milioni 2 unafurahi, ukifika kulipa inakuwa 2,360,000 kwa sababu ya ile asilimia 18. Na awamu hawapokei, wanasema bima bila kulipiwa sio bima, ukitaka kidogokidogo wanakuunganisha na benki inalipa yote wewe unarudisha na riba. Wengi wananuna hapa, mi nawaunga mkono, kuna jamaa huku alikuwa anampa wakala mwingine hela mkononi kidogokidogo, siku trafiki kaingiza namba ya gari kwenye simu, hakuna kitu. Stika siku hizi ni ya kielektroniki, ukishalipa tu ingia TIRA MIS, ule mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, mwenyewe uangalie, usisubiri usimamishwe.

Wanapokosea ni madai. Gari langu liligongwa ubavuni nikitoka Dar, kabla ya Nangurukuru, dada alipokea simu usiku akaniambia piga picha, usisogeze gari mpaka trafiki wafike, hapo namshukuru. Lakini baada ya kupeleka ripoti ya trafiki na makadirio ya gereji kimyaa, kila nikipiga naambiwa faili lipo Dar. Wamelipa, sikatai, ila gari lilikaa gereji kipindi cha mzigo na dereva na utingo wanataka hela ya kula, na hizo siku za gari kulala hakuna bima iliyonilipa. Ndo kama ile Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilipokatika Somanga, magari yamelala njiani, posho inakimbia, hakuna wa kumdai.

Sasa hivi nafanya hivi, kila tripu natoa hela ya bima na ya tairi kwanza kabla sijagawa kingine, mafuta naangalia bei ya EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, inayotoka Jumatano ya kwanza ya mwezi ndo napatana na dalali wa mzigo, maana wao wanataka bei ya mwezi uliopita. Kuzidisha mzigo nimeacha kabisa, mizani wanakupiga faini na ukianguka umezidisha, bima nao wanapata pa kukatalia.

Nawapa nyota nne, ya tano wataipata madai yakiwahi. Nenda na kadi ya gari na leseni ya dereva, asubuhi, na Fuso liache huko, pale mbele hata bajaji inapaki kwa shida.