Ununue nini kwa ajili ya ukuta: vifaa vitano, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho

Muuzaji akikuambia tofali lake ni la kisasa na ni rafiki wa mazingira, muulize swali moja: mita moja ya mraba ya ukuta huo imekula saruji na moto kiasi gani? Ili kupata klinka, yaani zile punje ngumu zinazosagwa kuwa saruji, mawe ya chokaa huchomwa mpaka joto lifike nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Hata tanuri likiwashwa kwa nishati safi kabisa, jiwe lenyewe linapoiva huachia kaboni dayoksaidi iliyokuwa imefungwa ndani yake, na hiyo ni zaidi ya nusu ya hewa chafu yote ya kutengeneza klinka. Ndiyo maana saruji peke yake inabeba takriban asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dayoksaidi ambayo binadamu humwaga angani.

Nimepanga vifaa hivi kwa kipimo hicho. Nimeongeza na cha pili ambacho kwangu kina uzito uleule: mnunuzi wa kawaida anaweza kukagua ubora wake kwa mikono yake kabla hajalipa?

Namba moja ni tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine, hasa lile la kufungamana. Saruji yake ni asilimia 5 hadi 10 tu. Kinachobaki ni udongo, mara nyingi uleule uliotoka kwenye uwanja wa ujenzi, na tofali halichomwi. Mashine ya mkono ya kulifyatua iliyosambaa zaidi, CINVA-Ram, ilibuniwa Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950, na mashine nyingi za leo zimefuata umbo lake. Tofali la kufungamana lina vinundu juu na mashimo chini, kwa hiyo likipandana na jingine linashika lenyewe. Mota inayotumika ni kidogo sana, na fundi akiwa makini ukuta unabaki bila lipu. Hapo umeokoa saruji mahali patatu: kwenye tofali, kwenye mota na kwenye lipu.

Lakini udongo si udongo tu. Chukua chupa angavu yenye mdomo mpana, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu kisha iweke mahali isipoguswa. Mchanga utatua karibu mara moja, vumbi laini litafuata baadaye, na udongo wa mfinyanzi utachukua hata siku nzima kushuka. Kesho yake utaona matabaka yamepangana, unaweza kuyapima kwa rula. Tabaka la mchanga liwe ndilo nene kuliko yote, na mfinyanzi uwe kati ya asilimia 15 na 30 hivi. Ukizidi hapo, chokaa hufanya kazi nzuri kuliko saruji. Udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, uache kabisa. Na tabaka la juu la shamba lenye mizizi na samadi halifai hata kidogo, kwa sababu mabaki ya mimea huizuia saruji isishike.

Kama unanunua matofali yaliyokwisha kufyatuliwa, ulizia siku. Tofali hili linatakiwa kufunikwa na kubaki na unyevu angalau wiki moja ya kwanza, kisha lifikishe siku 28 kabla ya kubeba mzigo. Niliwahi kupokea matofali mazuri ya kutazama, yenye kingo zilizonyooka na rangi moja, yaliyoanikwa juani siku ileile yalipotoka kwenye mashine. Nilipobonyeza pembe ya moja kwa kidole gumba, ilimomonyoka kama biskuti. Tangu hapo silipi kabla sijafanya mambo mawili: kulikwaruza tofali kwa msumari, na kulizamisha moja kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Likiamka asubuhi na pembe zake zote nne, tunazungumza. Hata hivyo likilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, kwa hiyo mistari ya chini ijengwe juu ya msingi ulioinuka, na paa litokeze vya kutosha kuukinga ukuta na mvua.

Namba mbili ni bloku ya saruji yenye matundu, kwa sharti kwamba utachagua saruji yake. Matundu yanapunguza mchanga, kokoto na saruji, tena yanakupa njia ya kupitisha nondo. Sharti lenyewe lipo kwenye mfuko: pale mfumo wa Ulaya unapofuatwa, CEM I maana yake klinka ni asilimia 95 au zaidi. CEM II ina kati ya asilimia 65 na 94, na sehemu iliyobaki ni vitu kama majivu ya volkano, majivu ya makaa ya mawe au mawe ya chokaa yasiyochomwa. Kuna na saruji mpya iitwayo LC3, iliyoendelezwa na watafiti wa Uswisi, Kuba na India. Nusu tu ya saruji hiyo ni klinka, na nafasi ya iliyopungua inashikwa zaidi na udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa moto wa chini zaidi, pamoja na chokaa ghafi. Inapunguza hewa chafu kwa hadi asilimia 40. Ukiiona, inunue. Kumbuka tu kwamba saruji nyingi za mchanganyiko hukaza polepole, kwa hiyo fundi asiwe na haraka na kumwagilia kusikatizwe.

Mianzi na mbao nimeziweka namba tatu, na iliniuma kuzishusha. Mti hufyonza kaboni ukikua, na mwanzi hukomaa kwa ujenzi ndani ya miaka 3 hadi 5. Tatizo ni dumuzi na mchwa. Mwanzi usiotibiwa kwa chumvi za boroni utaanza kudondosha unga laini wa rangi ya krimu sakafuni, na ukiuona unga huo ujue ndani kumeshaliwa. Muuzaji asiyeweza kukueleza aliutibu vipi na kwa siku ngapi, mpite.

Namba nne: bloku nyepesi za zege lenye hewa, uvumbuzi wa Sweden wa miaka ya 1920. Unga wa alumini huumua mchanganyiko kama hamira, kisha bloku huivishwa kwa mvuke wenye shinikizo. Huzuia joto vizuri na humpunguzia fundi uzito. Ila hunywa maji, hutaka gundi yake maalumu na skrubu zake, na ubora wake huwezi kuupima nyumbani.

Kuhusu vile vifaa vinavyoitwa vyenye akili, nitasema mawili. Zege linalojiziba nyufa kwa bakteria, lililobuniwa Delft, Uholanzi, ni kazi ya kweli: maji yakipenya ufa, vijidudu huamka na kutengeneza chokaa, na ufa wa hadi milimita 0.8 huzibika. Lakini hilo ni la matangi na mahandaki, si la ukuta wa chumba cha kulala. Bodi za nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 25 hivi na kuhifadhi joto la mchana nazo zinafanya kazi, ila tu usiku ukipoa vya kutosha nta iweze kuganda tena. Usiku wako ukiwa wa joto, umenunua bodi tu. Ukuta mnene wa udongo huchelewesha joto bila kuhitaji nta yoyote.

Namba tano, cha mwisho, ni tofali jipya la kuchoma kwa kuni. Najua linapendwa, na ni imara, lakini mara nyingi tanuri linateketeza miti ambayo haikupandiwa mingine. Kama moyo wako uko hapo, tafuta matofali ya kuchoma yaliyotoka kwenye jengo lililobomolewa. Gonga mawili pamoja: yakilia kama kengele yameiva, yakitoa sauti butu yaache. Na uangalie kilichoyashika zamani. Mota ya chokaa hubanduka kwa patasi. Ya saruji itaondoka na kipande cha tofali.