Biti ya kutobolea faiba: nunua makali, achana na rangi ya dhahabu

Wakuu, wale tunaofunga relingi, pampu na taa kwenye boti za faiba, hii ni yetu. Nimechoka kuona mtu ananunua biti ya dhahabu kwa sababu inang'aa dukani, anatoboa matundu kumi safi, la kumi na moja linatoka na manyoya kama mswaki uliochoka, halafu lawama anabebeshwa aliyemwaga faiba. Na mimi nilishaharibu ubavu wa boti ya mteja hivyo hivyo, mbele tundu zuri tu, kuzunguka nyuma nakuta tabaka la mwisho limebanduka duara zima.

Kinachotokea ni hivi. Nyuzi za kioo zinasaga makali ya biti kama msasa, na kaboni faiba nayo ni hivyo hivyo. Biti ikishakuwa butu inaacha kukata inaanza kusukuma, na pale inapokaribia kutokea upande wa pili kumebaki tabaka jembamba ambalo haliwezi kubeba msukumo wako, linaachia.

Kwangu mimi namba moja ni biti ya kabaidi nzima (kabaidi ni madini ya kukatia, magumu kuliko chuma) isiyo na kotingi yoyote, yaani haijapakwa ngozi nyembamba ya juu, yenye ncha tatu kama biti ya seremala, ile ya kati inashika na za pembeni zinakata nyuzi kwenye mzingo. Sio ile ya chuma yenye kipande cha kabaidi kimebandikwa mbele. Ubaya wake inavunjika kijinga, ukiyumba kidogo na drili ya mkono, tak, hela imeenda.

Namba mbili ni kabaidi iliyooteshewa almasi, na ningeiweka ya kwanza kama ungekuwa unatoboa kaboni kila siku. Viwanda vya ndege ndo huko viliko, Boeing 787 karibu nusu ya uzito wake ni kompoziti, yaani nyuzi zilizogandishwa kwenye resini, na Airbus A350 ni asilimia 53, hayo matundu huwezi kuyatoboa na vya kuokoteza. Lakini bei yake inauma, na usije ukaigusisha kwenye chuma, maana almasi ni kaboni na ikipata joto kwenye chuma inaliwa. Halafu angalia sana ukiona maandishi DLC, hiyo ni kaboni inayofanana na almasi, sio almasi yenyewe, na kuna wauzaji wanachanganya makusudi.

Kwa matundu makubwa, tuseme milimita 20 kwenda juu, wala usihangaike, nenda duka la vifaa vya taizi chukua msumeno wa kutobolea, ule wa umbo la kikombe, wenye chenga za almasi, weka maji, zima nyundo ya drili. Unasaga taratibu na ukingo unatoka laini.

Chuma cha HSS (chuma kigumu cha kutengenezea biti) chenye kobalti, kinachoandikwa M35 au M42, chukua kama una matundu machache na unajua kunoa. Inaisha haraka ila inanoleka.

Sasa hizi za dhahabu, zenye kotingi ya titaniamu inayoandikwa TiN, na zile za zambarau-nyeusi, TiAlN, ambayo ni titaniamu na alumini. Sio kwamba ni feki, ila zimetengenezwa kwa kazi nyingine. TiAlN sifa yake ni kujijengea ngozi ngumu ya oksidi ikiwa ya moto sana kwenye kukata chuma, wakati resini ya poliesta hata nyuzi 150 ni nyingi kwake, kwa hiyo mpaka kotingi ianze kukulipa faiba imeshanuka kuungua. Plus kotingi inaongeza unene kwenye makali, yanakuwa ya mviringo kidogo. Ya mwisho kabisa ni biti ya ukuta, hiyo ncha ni ya kupondea zege jamani.

Ila hata hiyo namba moja ukiisukuma kama unatoboa mbao utabandua tu, kwa sababu msukumo ndo unaoharibu kuliko spidi. Biti ya milimita 6 ipe raundi 3000 kwa dakika na iingie kama milimita 0.05 kwa kila raundi, maana yake ubavu wa milimita 6 unatoka kwa sekunde mbili na nusu hivi, ukikaribia mwisho legeza mkono. Usiiache izunguke bila kuingia pia, inasugua na kupasha moto bure. Nyuma bana kipande cha ubao kikaze kabisa. Na barakoa ya vumbi, sio kitambaa, na kwa kaboni vumbi lake linapitisha umeme, likijaa ndani ya drili linaweza kuiua.

Dukani kabla hujalipa omba uitoe kwenye pakiti, gusisha makali kwenye ukucha na uvute kidogo. Ikikwangua chukua, ikiteleza mrudishie.