Rangi ya kuzuia kuvu: niliipaka mara mbili kabla ya kupanda darini

Anayetafuta habari za rangi hizi anataka kujua kitu kimoja: zinafanya kazi? Zinafanya. Ila mimi nilitumia galoni moja na nusu, na karibu msimu mzima wa mvua, kujua zinafanya kazi wapi. Rangi yenyewe siitaji jina, kwa sababu sehemu kubwa ya lawama ni yangu.

Nyumba yetu ipo Katubuka, hapa Kigoma mjini. Vyumba vitatu, bati juu, dari ya jipsamu. Mvua zilipoanza Novemba, mke wangu akaona vidoti kwenye kona ya chumba cha watoto, mithili ya pilipili manga iliyomwagika. Nikachukua ufagio wa buibui nikafuta, nikaona nimemaliza kazi. Kumbe kuvu ukiifuta ikiwa kavu unapeperusha mbegu zake, vumbi usiloweza kuliona, na kila zinapotua penye unyevu zinaota. Wiki mbili baadaye kona ya pili nayo ikawa nyeusi.

Nikaenda kwenye jiki. (Kwetu kila dawa ya klorini ni jiki, chupa iandikwe jina lolote.) Kikombe kimoja kwa vinne vya maji, sponji, miwani ya kuzuia matone, madirisha wazi. Madoa yalipauka nikiyatazama, nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Baada ya wiki tatu yakarudi palepale, kwa umbo lilelile.

Sababu nimeielewa baadaye. Bodi ya jipsamu ndani ni jasi, lakini pande zote mbili imevikwa karatasi, na karatasi ni chakula cha kuvu. Klorini inaishia juu juu na kuondoa rangi ya doa, ila yale maji uliyochanganyia yanazama ndani. Nilikuwa naipausha kuvu huku nikiinywesha. Kwenye vigae vya bafuni jiki hiyohiyo ni safi kabisa, sina ugomvi nayo.

Halafu nikafanya ujinga, nausema ili mwingine asiurudie. Jirani aliniambia siki inaua kuvu, na kweli watu wengi wanaitumia. Mimi nikaona kama siki inaua na jiki inaua, basi nikizichanganya itakuwa kiboko. Nikamimina siki kwenye ndoo ileile ya jiki. Jiki ikikutana na tindikali inatoa gesi ya klorini. Macho yalinichoma, kifua kikabana, nikashuka kwenye ngazi bila kuhesabu vidato na kwenda kukaa uani. Nilikohoa mpaka jioni. Ni bahati tu kwamba watoto walikuwa shule.

Januari ndipo nikanunua hiyo rangi, dukani Mwanga, galoni ya lita 4 kwa shilingi 48,000. Nikiipima kama rangi tu, sina kasoro nayo: haichuruziki, mikono miwili inatosha kufunika doa, na harufu iliisha kesho yake. Ina kemikali ndani inayozuia kuvu kuota juu ya rangi. Hayo maneno "juu ya rangi" yapo kwenye kopo, nami niliyasoma kama mapambo.

Dari ikang'aa. Mwanzoni mwa Machi ikaanza kuvimba malengelenge, kisha pembeni ya kila lengelenge pakawa na rangi ya chai. Nikakwangua, nikapaka tena kwa galoni ya pili. Mke wangu alisimama mlangoni akanitazama, akasema, "Baba Neema, hiyo kuvu unaipaka poda."

Kilichonitisha ni mtoto wetu wa pili, ambaye ana pumu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba, na linavihusisha vitu hivyo na kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Tukamhamishia sebuleni. Usiku huo ndipo nilipokubali kumtafuta fundi.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Ujiji, fundi wa paa tangu ujana wake. Nilikuwa nimeshajiandaa kuambiwa bati limetoboka. Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nami nikadhani ana haraka ya kwenda kazi nyingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete ngazi kabla jua halijapanda."

Akapanda kwenye tundu la dari na tochi, akaniita nimfuate. Siku nne nzima mvua ilikuwa haijanyesha, lakini upande wa chini wa bati ulikuwa umejaa matone kama kifuniko cha sufuria ya wali. Mengine yalikuwa yakidondoka kwenye jipsamu tukiyatazama. Na upande wa juu wa ile bodi, ambao sikuwahi kuupaka chochote, ulikuwa mweusi tititi. Huku chini tulikuwa tunaona mkia tu.

Mzee akamulika pembezoni, akauliza taratibu, "Nani aliziba upenu?"

Mimi. Agosti iliyotangulia, kwa ajili ya popo. Aliyewahi kulala chini ya dari yenye popo atanielewa: kelele za alfajiri, harufu, na vile vinyesi. Nilisubiri wametoka jioni, nikachanganya saruji na mchanga, nikaziba matundu yote ya hewa chini ya upenu, na nikajisifu sana.

Akanieleza tukiwa tumekaa juu ya mbao za dari. Bati usiku linapoa kuliko kitu kingine chochote cha nyumba. Hewa yenye mvuke ikiligusa inageuka maji. Zamani mvuke wetu ulikuwa unatokea kwenye yale matundu, sasa umefungiwa. Na mvuke tulikuwa nao wa kutosha: bafu letu halina dirisha, watoto wanaoga maji ya moto, na jikoni tunachemsha maharage kwa mkaa saa mbili nzima huku mlango umefungwa paka asiingie. Wote unapanda kupitia matundu ya taa.

Kazi ilichukua siku mbili, kwa shilingi 30,000 kwa siku. Alivunja saruji yangu, akaweka wavu wa waya wenye matundu yasiyofika sentimita moja, hewa inapita, popo hapiti. Bodi nne zilizolowa akasema hazisafishiki. Alizinyunyizia maji kwanza ili vumbi lisiruke, tukavaa barakoa, tukafunga mlango wa chumba kile, akazikata na kuziweka kwenye mifuko. Mbao tulizisugua na kuziacha zikauke siku tatu kabla ya kufunga bodi mpya. Bafuni akatoboa ukuta juu, tofali zima, akaweka wavu pia. Maharage tumeyahamishia uani, uamuzi wa mke wangu, na yanaiva vilevile.

Kasoro ya mzee: hapokei simu, lazima umfuate kwake, na alichelewa siku mbili kurudi kufunga bodi. Tulilala sebuleni wote sita tukimsubiri. Ningemwita tena kesho.

Ile nusu galoni iliyobaki niliipaka dari ya bafuni baada ya kutoboa ukuta, mahali ambapo mvuke unagusa rangi moja kwa moja kila siku. Msimu mwingine mzima wa mvua umeshapita na hakuna hata kidoti. Kwa hiyo kwa bafu na jiko lenye hewa naipa nyota nne. Imekosa ya tano kwa bei, maana rangi ya kawaida ya maji ni karibu nusu yake. Chumba cha watoto nimepaka hiyo ya kawaida, nacho ni cheupe mpaka leo.

Mtoto amerudi kitandani kwake. Bado anakohoa wakati wa vumbi la Julai na dawa yake tunayo, sitasema dari ndiyo ilikuwa shida yote. Popo wamehamia kwenye mwembe wa jirani yule wa siki, na juzi ameniuliza saruji niliinunua wapi.