Skrini ya ukutani kwa nyumba janja: fungua boksi la swichi kabla ya kufungua pochi

Kabla ya kulinganisha inchi na bei, mwite fundi umeme azime breka na kufungua swichi iliyo mahali unapotaka skrini ya kuendeshea taa na vifaa vya nyumba ikae. Kilichomo ndani ya boksi hilo ndicho kitakachoamua ununue nini.

Nyumba nyingi za Kenya na Tanzania zimefungwa nyaya kwa mtindo wa Kiingereza: boksi la mraba la inchi 3 kwa 3, na mara nyingi nyutro, waya unaokamilisha njia ya umeme, inaishia juu kwenye taa. Kwenye swichi zinashuka nyaya mbili tu, laivu inayoleta umeme na ule unaorudi kwenye balbu. Karibu kila paneli inayochukua nafasi ya swichi inahitaji laivu na nyutro, kwa hiyo bila nyutro haitawaka.

Rangi isikudanganye, maana waya mweusi unaoonekana kama nyutro huenda ndio unaorudi kwenye taa. Hata mita inaweza kudanganya. Umeme ukiwa umewashwa na swichi ikiwa imezimwa, ukipima kati ya laivu na waya huo utasoma volti 230 au 240, kwa sababu mita inafikia nyutro kupitia balbu. Mwambie fundi atoe balbu zote za swichi hiyo apime upya. Kipimo cha nyutro halisi kitabaki palepale. Cha waya wa taa kitashuka. Na asikubali kuazima nyutro ya saketi nyingine. Kama saketi hizo ziko chini ya RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) tofauti, RCD itaona umeme unaotoka haulingani na unaorudi na itakata. Hata isipokata, fundi wa siku nyingine atazima breka moja akidhani waya umekufa, kumbe bado una mzigo.

1. Kishikwambi cha Android cha inchi 8 hadi 10, pamoja na Home Assistant

Hiki ndicho tunachopendekeza kwa nyumba nyingi. Hakihitaji nyutro kwenye boksi la swichi, na kikifa unabadilisha kifaa tu. Kurasa zako zote za vitufe zinabaki kwenye kompyuta ndogo inayoendesha Home Assistant, programu inayounganisha na kuendesha vifaa janja vya nyumbani. Weka programu ya Fully Kiosk Browser ili kioo kioneshe ukurasa wako peke yake na kiwake mtu anapokaribia.

Chagua kioo cha IPS. OLED hubaki na kivuli cha vitufe vinavyokaa sehemu moja kutwa. RAM iwe GB 4, au 3 kwa uchache. Kishikwambi cha zamani kilichokuwa kabatini mara nyingi hushindwa, kwa sababu kivinjari chake hakisasishwi tena na ukurasa unafunguka mweupe.

Kinachoua vishikwambi vya ukutani ni betri. Ikikaa asilimia 100 mwaka mzima huku chaja imechomekwa, inaweza kuvimba na kuinua kioo. Kama kifaa kina mpangilio wa kuzuia chaji isifike juu, uwashe. Kama hakina, chomeka chaja kwenye soketi janja: Home Assistant iiwashe soketi hiyo betri ikifika asilimia 30 na kuizima ikifika 70.

Kosa la pili ni kupitisha USB ndefu ukutani. Hesabu ni hii: waya wa milimita za mraba 0.2 una takriban omu 0.084 kwa mita. Mita 5 kwenda na 5 kurudi ni omu 0.84. Kishikwambi kikivuta ampea 1.5, volti 1.26 zinapotea njiani. Volti 5 zinafika 3.7, na chaji inashuka huku alama ya kuchaji ikiwaka. Peleka volti 12 kisha uzipunguze kuwa 5 nyuma ya kishikwambi kwa kibadilishi kidogo. Hapo upotevu ni karibu nusu volti tu na hauna madhara.

Kama nyumba bado inajengwa, vuta waya wa mtandao wa Cat6 na utumie PoE, yaani umeme unaopita kwenye waya huohuo wa mtandao. Kiwango cha PoE cha 802.3af kinafikisha wati 12.95 hadi mita 100, na kigawanyishi cha USB-C, kinachotenganisha umeme na data, kinatoa umeme wa kutosha. Ruta na swichi ya mtandao zikiwa kwenye UPS (betri ya akiba), skrini zote zinabaki hai umeme ukikatika. Waya huu upewe paipu yake, mbali na nyaya za umeme mkubwa.

2. Sonoff NSPanel Pro

Kama nyutro ipo na unataka kitu kidogo, hii ni sahihi. Ina upana wa milimita 86, kioo cha inchi 3.95, na ndani yake kuna kituo cha Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa janja. Angalia jambo moja kabla ya kulipa: haina relei, yaani swichi ya ndani ya kuwasha na kukata umeme wa taa. Ukitoa swichi ukaweka hii, taa inabaki bila kitu cha kuikata, hivyo unahitaji relei janja kwenye taa yenyewe. NSPanel isiyo na neno Pro ina relei mbili na kioo cha inchi 3.5, lakini haina Zigbee. Wauzaji huzichanganya, kwa hiyo soma jina lililo kwenye boksi.

Boksi la chuma hupunguza Wi-Fi. Kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, kama za Lamu na Mji Mkongwe, ukuta wenyewe hula mawimbi. Pima kwanza kwa simu ukiwa umeigusisha ukutani.

3. Amazon Echo Hub

Ina kioo cha inchi 8 na inaelewa viwango vya vifaa janja vya Zigbee, Thread na Matter. Inamfaa ambaye tayari ana vifaa vya Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon. Alexa haielewi Kiswahili, na intaneti ikikatika sehemu kubwa ya kazi zake inasimama.

4. Control4 T4

Paneli hii ni nzuri sana, inatumia PoE, ila huuzwa na kupangwa na mawakala. Kama mjini kwako hakuna wakala, iache.

Paneli za bei chee zisizo na jina zipe jaribio moja kabla muda wa kurudisha haujaisha: chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, acha Wi-Fi iendelee, kisha uguse kitufe cha taa. Taa isipowaka, nyumba yako inategemea seva ya mtu mwingine. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya vifaa janja ya Marekani, zilizimwa bila taarifa, na wateja waliamka wakakuta kituo chao cha nyumbani hakiunganishwi popote.

Katikati ya kioo iwe sentimita 140 hadi 150 kutoka sakafuni, pasipopigwa na jua la dirishani. Na kabla ukuta haujapigwa plasta, weka boksi la kina cha milimita 47 badala ya 25, na uache kamba ya kuvutia waya ndani ya paipu.