Kishikwambi cha bei nafuu: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Boksi la kishikwambi changu cha kwanza lilikuwa na maandishi makubwa ya dhahabu: RAM GB 12. Nilikibeba kama mtoto aliyevishwa nguo mpya ya sikukuu. Wiki ya pili, nikifungua kurasa tatu za intaneti kwa pamoja, kinaganda. Nikaingia kwenye mipangilio na humo ndimo nilimoukuta ukweli: RAM halisi, yaani kumbukumbu ya haraka ambayo kifaa hufanyia kazi, ilikuwa GB 4. Zile nane zilikuwa za kuazima kutoka kwenye hifadhi, yaani pale zinapokaa picha na video, na hifadhi hiyo ina mwendo wa kobe ukiilinganisha na RAM.

Kwa hiyo siku hizi nikishika boksi, namba kubwa za mbele nazipita. Nageuza nyuma kusoma maandishi madogo. Ukikuta "4+8" au neno lolote la kuongeza au kupanua RAM, hesabu ile namba ya kwanza tu. GB 4 za kweli zinatosha kusoma, kutazama video na kuandika barua pepe. Ukitaka kufungua programu mbili kwa pamoja bila kusubiri, tafuta 6 au 8. GB 2 ziache hapohapo zilipo. Hifadhi isipungue GB 64, maana mfumo wenyewe hula sehemu kubwa kabla hujaweka hata picha moja.

Ujanja wa pili uko kwenye "viini nane" vya prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kifaa. Vishikwambi vingi vya bei ya chini hutumia viini nane vyote vya aina ya Cortex-A53, muundo uliotangazwa mwaka 2012. Wapagazi wanane waliochoka hawakuhamishii nyumba haraka kuliko wawili wenye nguvu. Uliza jina la chipu, kisha litafute mtandaoni kabla hujatoa pesa. Muuzaji asiyelijua jina la chipu, au boksi lisiloitaja kabisa, tayari limeshakujibu.

Kioo nacho kina siri yake. Kishikwambi cha inchi 10.1 chenye pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1280 kwa 800 kina pikseli kama 149 kwa kila inchi. Herufi ndogo zinaonekana zimechakaa kingo. Cha inchi 11 chenye 1920 kwa 1200 kinafika 206 hivi, na kwa anayesoma saa nzima tofauti hiyo ni kubwa kuliko ya chipu. Halafu kuna Widevine, mfumo wa Google wa kulinda video. Kifaa kikiwa na ngazi ya L3 badala ya L1, Netflix haikupi picha ya HD hata ulipie kifurushi cha juu. Mara nyingi boksi halikuambii hilo. Ipo programu ya bure ya kukagua, inaitwa DRM Info.

Lakini kinachoua vishikwambi vingi ni kukosa masasisho. Mashine bado nzima, kioo hakina ufa, ila programu ya benki inagoma kufunguka kwa sababu Android yake imepitwa. Ndiyo maana orodha yangu hapa chini haifuati bei wala wembamba.

Cha kwanza: Samsung Galaxy Tab A9+. Kilitoka Oktoba 2023 na Android 13, na tangu hapo kimepandishwa matoleo. Kioo inchi 11, pikseli 1920 kwa 1200, spika nne, chipu ya Snapdragon 695, tena kuna nafasi ya memori kadi. Kasoro yake ni kuchaji: wati 15 kwa betri ya mAh 7040 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) ni kazi ya jioni nzima. Kinauzwa kwa GB 4 na 64, au GB 8 na 128. Kama mfuko unaruhusu, chukua cha pili, kwa sababu memori kadi inaongeza hifadhi lakini RAM haiongezeki kamwe. Angalia pia ile alama ya kujumlisha mwishoni mwa jina. Galaxy Tab A9 isiyo nayo ni kifaa kingine, kidogo, cha inchi 8.7 na kioo hafifu, na wauzaji wengine huyataja majina hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja.

Cha pili: iPad ya kawaida, hata iliyotumika. Najua, wengi wakisikia jina hilo wanafikiria bei. Lakini iPad ya kizazi cha 8, iliyotoka 2020, ilipata iPadOS 26, toleo jipya la mfumo wa iPad, mwaka 2025. Miaka mitano ya masasisho kwa kifaa cha daraja la chini kabisa la kampuni yake! Mimi ningechukua ya kizazi cha 9, ya 2021, inayoanzia GB 64, kwa sababu ya kizazi cha 8 ilianzia 32, na iPad haina pa kuchomeka memori kadi. Kwa mwanafunzi au mchoraji, hii ingepanda hadi nafasi ya kwanza.

Cha tatu: Galaxy Tab S6 Lite. Kimetolewa upya mara mbili, 2022 na 2024, kwa hiyo ulizia ni cha mwaka gani. RAM yake ni ya kawaida, GB 4. Kinachokiweka hapa ni kalamu: inakuja ndani ya boksi na haihitaji kuchajiwa. Ukiandika kwa mkono darasani au mikutanini, usitazame kingine.

Cha nne: Redmi Pad SE ya inchi 11. Betri ya mAh 8000, kioo kizuri, chipu iliyo nyuma kidogo ya ile ya A9+. Hakichukui laini ya simu, ni Wi-Fi tu. Kwa video kinafaa sana.

Cha tano: Amazon Fire HD 10. Bei yake inavutia, na kioo ni kikali. Tatizo ni kwamba hakina duka la Google Play, kina duka la Amazon lenye programu chache zaidi, na toleo la bei ya chini linakuonyesha matangazo kila ukiwasha kioo. Kisomee vitabu, mpe mtoto atazame katuni, lakini usikitegemee kwa kazi.

Vile visivyo na jina, vyenye "RAM GB 16" na kalamu na kibodi na kipanya vyote ndani ya boksi moja, sivipi namba. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa kilichotumika, usilipe kabla muuzaji hajaondoa akaunti yake mbele ya macho yako. iPad iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe, au kifaa cha Android kinachoomba akaunti ya Google ya zamani baada ya kufutwa, ni sahani ya kioo tu. Fungua picha nyeupe tupu uone kama kuna madoa. Kisha cheza video nusu saa mwanga ukiwa juu kabisa, huku ukiangalia asilimia ya betri inavyoshuka. Muuzaji akianza kukuharakisha dakika ya kumi, mrudishie kifaa chake.